Uwanja wa New Amaan kwa mtazamaji na kwa jirani yake

Tangu ulipofunguliwa upya Desemba 2023, baada ya ukarabati uliofanywa na kampuni ya Orkun ya Uturuki, Uwanja wa New Amaan umekuwa mahali pa kujivunia kwa yeyote anayependa mpira hapa Unguja. Una nafasi ya watazamaji wapatao 15,000, na usiku wa Agosti 12, 2025, Sudan ilipoifunga Nigeria mabao 4-0 katika CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, niliondoka nimeridhika kabisa na nilichokilipia.

Kipimo changu cha pili ni kigumu zaidi: wageni wakishaondoka, jirani wa uwanja amebakiwa na nini? Jioni ile nilikula urojo kwa mama mmoja aliyepanga meza yake njiani, mbali kidogo na uwanja. Alikuwa akichota mfululizo, akitia bhajia, kachori na chatine ya nazi, huku kijana wake akisuuza bakuli kwenye ndoo kwa maji waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mpira ulipokaribia kuanza, wateja wote waliingia ndani, na biashara yake ikawa imekwisha ilhali sufuria bado lina nusu.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, na hapo ndipo ninapoona haja ya kusema mapema. Mashindano makubwa huja na masharti ya waandaaji kuhusu nani auze nini karibu na uwanja. Afrika Kusini mwaka 2010, wachuuzi wengi waliondolewa katika maeneo yaliyozunguka viwanja vya Kombe la Dunia, wakati walikuwa wakiyategemea kwa riziki yao. Mabanda ya wauzaji wa mtaani, yenye maji na umeme, yanapaswa kuandikwa katika makubaliano na waandaaji kabla hayajatiwa saini, kwa sababu baada ya hapo mchuuzi hana mlango wa kubisha. Vivyo hivyo kwa mafundi: vijana wetu wafundishwe kutunza taa, mitambo na eneo la kuchezea, ili kitu kikiharibika tusingoje fundi kutoka ng'ambo.

Pemba nayo isisahauliwe. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2-1. Wageni waliofuata timu zao walihitaji kulala, kula na kusafiri, na fedha hizo zilipita katika mikono ya Wapemba wenyewe.

Kwa mtazamaji, Amaan naupa alama nne kati ya tano. Kwa jirani wa uwanja naupa mbili, na nitaziongeza kwa furaha siku nitakapomkuta yule mama ana banda lenye bomba la maji na kibali cha mwaka mzima, siku za ligi ya kawaida zikiwemo.