Punguzo la bili au mfuko wa jamii?
Machi 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mafao mawili kwa wanaopitiwa na njia mpya za umeme wa msongo mkubwa.

Punguzo la bili ni hadi pauni 250 kwa mwaka, kwa miaka 10, kwa kaya zilizo ndani ya mita 500 kutoka njia hizo. Halihitaji kamati. Lakini wa mita 510 anatazama minara ileile na hapati kitu, na hilo linauma.

Mfuko wa jamii, yaani fedha za miradi ya eneo, ni mnono zaidi: pauni 200,000 kwa kilomita ya nyaya za juu, 530,000 kwa kituo cha kupoza umeme. Unafika kwa wote, ila unataka watu wa kukaa vikaoni na kukagua hesabu.

Kama bili inakukaba, punguzo litakufaa zaidi. Kama kijiji chenu hakina ukumbi na mnaaminiana, pimeni mfuko.