Mark II Tourer V yenye 1JZ: nimefungua kemshafti 272, nimebaki na 256

Gari ni Mark II Tourer V, JZX90, gia za mkono, injini ya 1JZ-GTE ya tabo mbili, ile isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu injini ikitembea). Tabo ni zake za kiwandani, nozeli zake, kontrolboksi (kompyuta ya injini) yake. Imetembea Tabora ikiwa na kemshafti (shafti zenye nundu zinazofungua valvu) za kiwandani, kisha za digrii 272, na sasa za 256 zenye mnyanyuo wa milimita 8.5. Digrii ni muda ambao valvu hukaa wazi, mnyanyuo ni umbali inaofunguka. Chapa siitaji makusudi, kwa sababu kinachobadilisha tabia ya gari ni digrii na mnyanyuo, na hizo zimeandikwa kwenye boksi lolote utakalonunua.

Kabla hujatuma hela, piga hesabu ya rpm unazotumia kweli. Kwa gari hili, gia ya tano kwenye kilomita 100 kwa saa ni rpm 2,600 hivi. Ukivuka matuta ya Puge kwa gia ya pili, kilomita 20 kwa saa, uko kwenye 1,400. Mjini ndiyo kabisa, 3,000 huioni mpaka uitafute. Sasa 272 inaanza kuamka juu ya 4,500, na tabo ndogo za 1JZ zinaishiwa pumzi karibu na 6,500. Faida yote unayoinunua inakaa kwenye upana wa rpm 2,000 tu, ambazo safari ya Tabora hadi Nzega huzigusi isipokuwa labda unapopita lori.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa 272 kwenye tabo za kiwandani. Digrii zikiongezeka, valvu za kuingiza na za kutoa hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kwenye injini isiyo na tabo hilo husaidia kusafisha silinda. Lakini tabo ndogo ikibanwa, presha ya moshi kabla ya tabo hupanda kuizidi ya hewa inayoingia, na moshi wa moto hurudi ndani ya silinda. Joto linapanda, injini inaanza kugonga, na unaambiwa urudishe taimingi ya cheche nyuma. Hapo umelipa hela ili upoteze nguvu. Mwenye tabo moja kubwa na egzosi pana ana hesabu yake tofauti, simzungumzii yeye.

Jambo ambalo wauzaji wa Dar hawalisemi, pengine kwa kuwa wao wako usawa wa bahari, ni vakyumu, yaani mvuto ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Tabora iko mita 1,200 hivi juu. Geji ya vakyumu hulinganisha presha ya ndani ya manifodi na hewa ya nje, na hewa ya nje huku ni nyepesi, kwa hiyo kila mita 300 za mwinuko hula karibu inchi moja ya zebaki. Injini nzima inayosoma 19 Dar, huku itasoma 15. Hiyo haina ugonjwa, usikubali kubadilishiwa ringi. Kwangu, kemshafti za kiwandani zilisoma 15, 256 ikasoma 13 na sindano imetulia. Kwa 272 sindano ilicheza kati ya 8 na 10.

Kwenye namba hizo za chini, buster ya breki, inayolainisha pedali kwa vakyumu hiyo, inakosa cha kuvuta. Ukikanyaga mara ya kwanza breki iko sawa. Ukikanyaga ya pili na ya tatu mfululizo, kama unavyofanya kwenye matuta yaliyopangana, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Zaidi ya hapo, 1JZ hii haina kipima hewa, kontrolboksi yake inakisia hewa kwa sensa ya presha ya manifodi. Vakyumu ikishuka, inadhani umebeba mzigo, inaongeza petroli. Sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inatikisika, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya chungu, na ndani ya gari kunanuka petroli. Bila kontrolboksi inayoandikika upya, 272 haitulii, hata muuzaji akuambie "funga tu, washa". Mimi niliambiwa hivyo.

Kwa 256, kontrolboksi ya kiwandani imevumilia. Sailensi nimeipandisha kutoka 650 hadi 850, basi. Springi za valvu za kiwandani zinatosha kwa mnyanyuo huu, lakini injini hizi ni za miaka ya 1990: springi iliyochoka itaruhusu valvu kuelea kwenye 6,500 na utalaumu kemshafti bure.

Kufunga. Chukua mkanda wa taiming mpya, sili mbili za mbele za kemshafti na gasketi za kava za valvu kabla hujafungua chochote. Peleka pistoni ya silinda namba moja juu, linganisha alama za krenki na za puli zote mbili. Ukishatoa mkanda, rudisha krenki digrii 60. Kwenye silinda sita, hapo hakuna pistoni hata moja iliyo juu, unaweza kuzungusha kemshafti bila kugongana na kitu. Watu husema 1JZ hii mkanda ukikatika valvu hazipindi. Hiyo ni kwa kemshafti za kiwandani. Ukiongeza mnyanyuo, usiitegemee tena.

Kapu za kemshafti zina namba na mshale wa kuelekea mbele. Usizichanganye hata mbili, kila moja imechongwa na mahali pake, na ukizibadilisha mahali, kemshafti itakwama. Legeza kwa awamu kutoka nje kwenda katikati, kaza kutoka katikati kwenda nje, mwisho Nm 20. Ni kidogo kuliko mkono wa fundi unavyozoea, na uzi uko kwenye aluminiamu. Tumia tokirenchi. Bolti ya puli ya krenki ndiyo inataka nguvu, Nm 330.

Penye kazi kubwa ni tapeti, yaani kurekebisha nafasi kati ya nundu ya kemshafti na valvu, maana valvu ziko 24 na shimu (kisahani cha chuma cha unene maalumu) inakaa juu ya kikombe. Injini ikiwa baridi, inteki (valvu za kuingiza) inatakiwa 0.15 hadi 0.25 mm, egzosi (za kutoa) 0.25 hadi 0.35. Kemshafti mpya, hasa iliyochongwa kutoka kwenye kuukuu, hubadilisha nafasi zote. Hesabu yake: shimu iliyopo, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Mfano wa inteki moja: fila (geji ya kupimia nafasi) imesoma 0.34, shimu ikitolewa na kupimwa kwa maikromita ni 2.70. Naitaka 0.20, hivyo 2.70 + 0.34 − 0.20 = 2.84. Shimu zinapishana kwa 0.05, nachukua 2.85, nafasi inabaki 0.19. Usiamini namba iliyochapwa mgongoni mwa shimu, imeshalika. Nafasi ikiwa kubwa utasikia tikitiki. Ikiwa ndogo hutasikia kitu, na huo ndio ubaya wake, valvu ya egzosi inaungua kimyakimya.

Tabora shimu hizi hazipatikani dukani. Pima zote 24, andika kwenye karatasi, ndipo uagize Dar. Panga gari likae limefunguliwa siku nne au tano. Kwenye seti yangu zilihitajika shimu 17. Nyingine nilizihamisha kutoka valvu moja kwenda nyingine.

Ukimaliza, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa spana ndefu. Ukihisi kizuizi kigumu, simama, usilazimishe. Paka mafuta mazito ya kuunganishia kwenye nundu zote, washa, ishike 2,000 kwa dakika kumi. Oili nilibadilisha kwenye kilomita 500.

Matokeo ya 256: chini ya 2,500 sijaona tofauti, na hilo ndilo nililotaka. Kuanzia 4,000 inavuta vizuri hadi 6,800, ambapo zamani ilikuwa inakata tamaa kwenye 6,200. Busti (presha ya tabo) nimeiacha 0.8, kwa sababu magurudumu ya egzosi ya tabo hizi ni ya kauri na yakipasuka yanapasuka yote. Petroli mjini imeongezeka kidogo. Kemshafti zenyewe zilikuwa kama nusu ya gharama. Nusu nyingine ilikwenda kwenye mkanda, sili, shimu na fundi.

Kasoro moja ya seti hii: bolti ndogo za puli za kurekebisha taimingi ya kemshafti zilikuja bila gundi ya uzi. Baada ya kilomita 300 puli ya egzosi ilikuwa imehama digrii mbili. Weka gundi, kisha chora mstari wa rangi nyeupe kwenye puli ili ukifungua kava uone kwa jicho kama imetembea.