TAHADHARI kwa wenye Hilux za 1KD: nozeli "kubwa" za Gerezani zimeniulia injini

Ndugu zangu wenye pikapu za dizeli, hasa zenye 1KD, ile injini ya Toyota ya lita 3, someni hii kabla hamjampa mtu yeyote hela ya nozeli, vile vifaa vya kupuliza dizeli ndani ya silinda, pale Gerezani, Dar. Nimeibiwa. Nimeibiwa mchana kweupe, nimesimama naangalia kwa macho yangu, na aliyeniibia alinikaribisha chai.

Hilux yangu inafanya safari za mbao za Iringa. Nilichokuwa natafuta ni nguvu ya kupandisha mlima Kitonga na mzigo bila malori kunipigia honi nyuma. Nozeli zangu za asili hazikuwa na ugonjwa wowote, na nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko hela. Gari lilikuwa limetoka kupimwa kwenye kompyuta, silinda zote 4 zinakwenda sawa.

Sasa sikilizeni alivyofanya huyo muuza nozeli, maana mtu mwingine atafanyiwa hivyo hivyo. Aliniambia kupima nozeli kwake ni bure, kijana wake akazitoa zangu hapo hapo nje. Nyuma ya duka kuna chumba chenye pazia. Ndani kuna mashine ya kupimia, ile ya kufunga nozeli juu, chini kuna bomba la kioo. Akasema, "Kaka, sitaki hela yako mpaka uone." Akashusha boksi jipya limefungwa nailoni. Akanipa wembe nilikate mwenyewe. Nozeli ikatoka na kofia zake za plastiki, imepakwa oili, inang'aa. Akaifunga kwenye mashine, akabonyeza, dizeli ikatoka nyembamba, ikasambaa kama moshi wa udi. Akarudia. Halafu akafunga ya kwangu. Ikadondosha matone, tone, tone, ndani ya kioo. "Hii inakojoa, kaka. Na hii ndiyo unapandia Kitonga? Mshukuru Mungu."

Pale moyo wangu uliisha. Niliona pistoni inatoboka njiani usiku, nikaona watoto wako ndani. Mtu ukiwekewa kitu hicho mbele ya macho yako, utabishana nacho vipi?

Bei: seti ya nozeli 4 za Denso "zilizoongezwa asilimia 25", kutoka Thailand kwa maneno yake, milioni 2 na laki 4, na zangu nne zinabaki kwake kama sehemu ya malipo. Bila kumwachia zangu, milioni 3 na nusu.

Kuna watakaosema ningeshtuka. Ningeshtuka kwa lipi? Aliyenipeleka ni yule yule aliyenitafutia giaboksi, na giaboksi ile mpaka leo haijanisumbua. Mashine ya EFD ipo mezani. Wateja wapo, mmoja katoka Mbagala na Prado. Na mtu yule anaijua 1KD! Alinieleza habari ya washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli: zikichoka, gesi ya silinda inavuja, oili inageuka uji mweusi, chujio la kwenye sampu, bakuli la oili la chini ya injini, linaziba, taa ya oili inawaka na injini inakufa. Hilo ni kweli tupu, fundi yeyote wa 1KD atakwambia. Akafungua washa mpya mbele yangu na kusema, "Ukimwona fundi anarudishia washa za zamani, mkimbie." Anayekufundisha la kweli namna hiyo, bila kumuuliza, unamwekaje kwenye kundi la wezi? Ndivyo wanavyokupata. Risiti ya EFD akasema mtandao umekata, nifuate kesho yake. Nikapewa karatasi ya mkono, dhamana miezi 6, muhuri juu.

Siku za mwanzo gari lilivuta, lakini lilitoa moshi mweusi na silensa, mngurumo wa gari likiwa limesimama, haikutulia. Nikampigia. "Ndiyo nguvu yenyewe hiyo, kaka. Zinajifungua, zitazoea."

Halafu ikaja Jumamosi ya kwenda Morogoro kwenye shughuli yetu na wakwe wapya.  Tumepita Mlandizi injini ikaanza kugonga, moshi ukageuka mweupe, na kabla ya mizani ya Vigwaza likazima moja kwa moja. Nimevutwa na Canter kwa kamba, vyombo vya shughuli viko juu, wakwe wako kwenye Kosta nyuma yetu wanatazama. Mama hakuniambia neno njia nzima. Sitaisahau aibu ile.

Fundi wangu, Mzee wa Tabata, ndiye aliyelifungua. Kwanza alichomoa kijiti cha oili: oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli. Nozeli namba 3 ilikuwa haifungi, inamwaga mafuta ndani muda wote, na mafuta yakichuruzika mpaka kwenye oili. Pistoni ya silinda hiyo ina tundu. Kisha akazisafisha nozeli zote nne, akazipanga kwenye gazeti, akaniita nisome maandishi ya juu.

Kila nozeli ya aina hii hupimwa kiwandani na kupewa kodi yake, msururu wa namba na herufi unaoingizwa kwenye kompyuta ya gari ili ijue nozeli ile inatoa mafuta kiasi gani. Zangu zote nne zilikuwa na kodi moja. Herufi kwa herufi! Mtu kapiga chapa moja mara nne. Chini ya rangi kuna kutu na alama za koleo. Ni mitumba iliyooshwa na kutiwa kwenye maboksi. Ukubwa wanaousema haupo, matundu yameliwa tu kwa uchakavu. Na Mzee akasema hata zingekuwa kubwa za kweli, kuzifunga bila kurekebisha kompyuta na hewa ya tabo (turbo) ni kutafuta moshi na joto la kuyeyusha pistoni.

Nikamuuliza, mbona niliona kwa macho yangu ya kwangu inakojoa? Akasema mashine inatii anayeibonyeza. Punguza presha, hata nozeli nzima itadondosha. Tena alipima moja tu kati ya nne alizoniuzia.

Nilirudi dukani. Muhuri akaukana, eti si wake. Nikamwambia basi nirudishie nozeli zangu. "Zimeshauzwa." Zimeshauzwa! Denso za asili, nzima, zilizotoka na gari kiwandani! Hapo nikaelewa kwamba alichokuwa anataka tangu mwanzo ni zile zangu. Mimi nimelipa milioni 2 na laki 4 ili nimpe mali yangu.

Mtu huyu afungwe. Si faini, faini atailipa kwa nozeli za mteja wa kesho. Afungwe, duka lifungwe, maboksi yale yachomwe hadharani. Pikapu ikizima na mzigo katikati ya Kitonga watu wanakufa. RB ninayo polisi. Nimepeleka pia malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, wenye kazi ya kukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na nozeli nimewapelekea zote na picha za kodi. Yule kijana anayefungua magari nje naye asiachwe, anajua kila kitu.

Kwa anayetaka kununua: soma kodi za zote nne, zisifanane, na muuzaji akisema "hizi hazihitaji kuingizwa kwenye kompyuta" ondoka. Zikishafungwa, mwambie fundi apime marejesho, vichupa vinne kwenye njia za kurudisha mafuta, kinachojaa haraka ndicho chenye nozeli mbovu. Risiti ya EFD uipate kabla hela haijatoka. Za zamani beba nyumbani kwako hata kama zimekufa.

Na yeyote aliyebadilisha nozeli upande ule mwaka huu, wewe wa Prado ya Mbagala hasa, fungua boneti leo usome kodi. Zikifanana, usiendeshe gari hilo, zipige picha, nenda na karatasi zako FCC utaje nozeli za 1KD za Gerezani. Tukiwa wengi hawezi kusema muhuri si wake.