Advansi ya nusu au invoisi ya siku 30?

Ukitengeneza logo Dar es Salaam, mwenye saluni au duka mdai advansi: nusu aitume kwa simu kabla hujaanza, iliyobaki amalizie kabla ya kupokea faili safi. Mpaka hapo aone sampuli zenye jina lako katikati. Akigoma, muache aende.

Kampuni kubwa hazitoi advansi kirahisi; zinataka invoisi ya siku 30, yaani unatuma ankara na wao wanalipa ndani ya siku 30. Hapo soma mkataba: siku zinaanza ulipotuma invoisi, au meneja alipoidhinisha kazi? Meneja akiwa likizo, utajua tofauti. Tena malipo yako hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, ambayo kampuni huizuia na kuipeleka TRA kwa niaba yako, kwa hiyo dai cheti cha kodi hiyo. Kama huna akiba ya kulipia pango la nyumba, chukua advansi, hata bei ikipungua kidogo.