Kompyuta nne, ruta mbili, na fundi aliyemwita mamangu "mathe"

Nilisema nitulie kwanza hasira zishuke ndipo niandike. Zimepita wiki kadhaa, hazijashuka, basi naandika hivyo hivyo. Msiwachukue watu hawa wa kampuni yetu ya intaneti. Hilo ndilo neno langu la kwanza.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ya zamani, ya ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu dhiraa. Ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, iko ukumbini chini, na waifai yake ikifika katikati ya ngazi imeshakata pumzi. Huko juu ndiko tunakofanyia kazi: mimi na nyaraka za wakala wa kutoa mizigo bandarini, mdogo wangu na masomo yake ya chuo. Chini kuna kompyuta ya mezani ya watoto wa skuli, na laptopu kuukuu ya mjomba anayosikilizia darsa baada ya Alasiri. Mashine nne, faiba moja, bili moja. Nyumba ngapi Mombasa zinaishi hivyo?

Kampuni ikatwambia dawa ni ruta ya pili, iwekwe juu, iungwe na ya chini kwa kebo. Tukainunua kwao, na si kwa bei rahisi. Fundi wao akaja, akapitisha kebo dirishani, akachomeka, taa zikawaka kijani, akaenda zake. Nusu saa haikutimia.

Tangu usiku ule hatukupata raha. Leo ya mjomba inashika, ya watoto haishiki. Kesho kinyume chake. Yangu inaniambia imeunganishwa, alama ya waifai imejaa, nikifungua ukurasa hakuna kitu. Naizima, naiwasha, labda itashika, labda haitashika. Siku moja nilikuwa na nyaraka za kontena zinazotakiwa kabla ofisi hazijafungwa. Kontena likipitisha siku zake bandarini linahesabiwa ada, na mteja hana haja ya kusikia habari za ruta yangu. Nikavaa buibui, nikakimbia na laptopu kwapani hadi saiba, nikatuma kutoka huko kwa pesa zangu. Mimi ninayelipa intaneti nyumbani kila mwezi! Na katika mji huu! Kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, zote zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Intaneti imeingia nchini kwa mlango wetu, nami nashindwa kuipandisha ngazi za nyumba yangu mwenyewe.

Tukapiga simu, tukapiga tena, tukapiga tena. Mwisho akaja fundi yule yule.

Aliingia na viatu vyake mpaka juu ya mkeka. Salamu hakutoa. Mamangu alikuwa amekaa pale pale ukumbini, akamwambia, "Karibu mwanangu," akamsogezea chai na mahamri. Yeye akazitazama taa za ruta, akaona kijani, basi, kazi imekwisha. Hakugusa kompyuta hata moja. Akasema, macho kwenye simu yake: "Mathe, hii si shida yetu. Nyinyi mko wengi sana hii nyumba. Nunueni kifurushi kikubwa ama mpunguze kompyuta."

Mathe, Kisheng cha vijiweni. Mama mtu mzima, nyumbani kwake, chai yake mbele yako inafuka moshi. Vijana wa mtaa huu, hata wale watundu, wakipita barazani kwetu humwamkia. Na huyu anamhesabia watu wa nyumba yake! Mamangu alijibu tu, "Haya mwanangu, ahsante." Kisha akaanza kutuuliza sisi, kwa sauti ya chini, kama ile ya mjomba izimwe ili mimi nipate kufanya kazi. Hapo ndipo niliposhikwa na kwikwi, ikanibidi nipande juu.

Na alilosema lilikuwa uongo. Ruta ya nyumbani huweza kugawa anwani, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao, kwa vifaa makumi. Nne ni nini?

Mdogo wangu akamleta rafiki yake kutoka Makadara, kijana mdogo, ndevu bado. Akavua ndara mlangoni, akamwamkia Mama, akakubali chai, ndipo akauliza tatizo. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa kebo ya ruta ya juu. Kompyuta mbili za chini, akaziwasha upya, zikashika papo hapo. Akairudisha kebo, akawasha tena, moja ikapotea. Akanionyesha: ruta zote mbili zilikuwa zimejipa anwani moja, 192.168.1.1, na zote mbili zinagawa anwani. Kompyuta inapowaka huomba anwani, na ruta iliyowahi kujibu ndiyo inayofuatwa. Ikijibu ya juu, inaiambia kompyuta ipite kwake, na yeye mwenyewe hana njia ya kutoka nje. "Manahodha wawili hawa, dada," akasema. Akaipa ya juu 192.168.1.2, akaizuia isigawe anwani, kebo akaiacha pale pale. Dakika kumi, pengine pungufu.

Tangu siku ile haijakatika. Mdogo wangu anashusha mihadhara yake huku mimi natuma nyaraka, mjomba yuko na darsa, watoto wako na yao, na kifurushi ni kile kile kidogo. Mvua kubwa imepiga, faiba imesimama. Kwa hiyo lile neno langu la kwanza sasa naliona limezidi. Intaneti yao ni nzuri. Mwenye mtu wa kumpangia ruta aichukue, hatajuta.

Lakini juzi walinipigia niwape alama za huduma. Nikamweleza yule dada kila kitu, neno kwa neno. Alinisikiliza kwa adabu, akaahidi kwamba Mama atapigiwa simu aombwe radhi. Mpaka leo naandika, simu hiyo haijalia. Kwa hiyo hapana. Msiwachukue.

Mwezi huu nimelipa, kwa sababu Mama kasema nilipe, watoto wana mitihani. Yule fundi akirudi, mlango simfungulii.