Tahadhari kwa wenye nyumba Minnesota: huyu "fundi" wa sakafu ya joto anayepita kwa wenzetu

Ndugu zangu wa Minneapolis, St. Paul, Brooklyn Park na hata mlioko Rochester, nawasalimu. Kuna mtu anapita kwenye nyumba zetu anauza "sakafu ya joto", yaani sakafu inayopashwa joto kutoka chini yake. Anaongea Kiswahili safi, misibani yupo, michango ya harusi anatoa, na mimi ameniachia hasara ya dola 8,500 na sebule iliyochimbuliwa. Jina lake siliandiki kwa kuwa shauri liko mahakamani na nimeshauriwa nitulize mikono. Namna anavyofanya kazi, hiyo hakuna aliyenikataza kuieleza.

Alikuja Jumamosi moja ya vuli, majani yameshapukutika na hewa imeanza kuuma. Mimi ni mtu wa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, baridi naijua. Kwetu Juni na Julai unaamka unakuta nyasi nyeupe. Ila ya huku ni ukoo mwingine. Januari inashuka mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri, na nyumba yetu ni ya miaka ya sabini, besmenti (chumba cha chini ya ardhi) sakafu yake zege tupu. Ukishuka bila soksi unaruka kama uliyekanyaga kaa la moto. Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu, akawa anashinda na mabuti ndani ya nyumba.

Jamaa akaingia, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwendea mama moja kwa moja: "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, na biashara ikawa imeisha pale pale, mimi tu ndiye sikujua. Akafungua begi, akatoa kipande cha marumaru kilichobandikwa juu ya kimkeka chembamba cha nyaya, akachomeka ukutani. Baada ya dakika chache akamwomba mama avue soksi akanyage. Mama akafumba macho. "Mwanangu, ni kama kukaa karibu na mafiga, ila huu hauna moshi." Wewe ungesema hapana mbele ya mama mkwe?

Mengi aliyoyasema yalikuwa kweli, na ndiyo maana nilinasa. Alisema joto la sakafuni linaanzia miguuni, ndipo mwili unapolitaka, wakati mashine zetu za gesi zinapuliza hewa moto inayopanda juu na kukaa darini. Kweli. Alisema halipeperushi vumbi, halina kelele, na halichukui nafasi ukutani. Kweli. Alisema mashine ya kupuliza hewa hupoteza joto njiani kwenye yale mabomba ya bati, hasa yakiwa yanavuja. Hilo nalo kweli, hata Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza hivyo. Akamalizia na Wakorea: wamelalia sakafu za moto tangu enzi na enzi, wanaita ondol, na Warumi nao walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za mabafu yao. Nikakubali kwa kichwa kama mwanafunzi.

Alichokiruka ni kwamba Wakorea wa leo, kwenye maghorofa yao, wanapitisha maji ya moto kwenye mabomba chini ya sakafu, maji yanayochemshwa na gesi au yanayoletwa na mtambo wa mtaa mzima. Yeye alikuwa ananiuzia mikeka ya umeme. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kosa langu lote limo humo.

Sikilizeni hesabu, maana kwangu ilikuja baada ya bili. Mkeka wa umeme unakula kama wati 12 kwa kila futi moja ya mraba. Aliniwekea futi 500, yaani 350 besmenti na 150 sebuleni. Hizo ni wati 6,000. Ukiwasha saa kumi kwa siku unakula yuniti 60. Kwa bei ninayolipa mimi, senti 15 kwa yuniti, ni dola 9 kila siku, dola 270 kwa mwezi, juu ya bili ya kawaida. Joto hilo hilo ukilitoa kwenye gesi: therm moja (kipimo cha gesi kwenye bili) ina joto sawa na yuniti 29 na kidogo za umeme, kwa hiyo hata ukitoa kinachopotelea kwenye bomba la moshi unahitaji therm mbili na robo hivi. Kwangu therm ni kama dola moja. Fanya mwenyewe: dola 9 dhidi ya dola mbili na robo. Na yeye aliandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wake, kwamba bili yangu "itashuka kwa nusu".

Hapo sijasema kwamba mashine ya gesi haikuzimwa. Vyumba vya kulala viko juu na hakuvigusa. Na kiangazi kikija, sakafu haikupoozi. Mabomba yale ya bati unayahitaji bado kwa ajili ya hewa baridi. Kwa hiyo nilikuwa nalipia mifumo miwili.

Sasa kazi yenyewe. Besmenti alitandika mikeka juu ya zege moja kwa moja, akapaka gundi, akabandika marumaru. Chini hapakuwa na kitu chochote cha kuzuia joto lisizame. Zege lile limelala juu ya udongo wa Minnesota, na udongo huo haushibi. Wanaojua kazi huweka kwanza vibao vya povu gumu la kuzuia joto, na kama ni zege jipya huweka inchi mbili kabla ya kumwaga. Nilikuwa nawapashia joto minyoo.

Mita ya kupima nyaya hakuwa nayo. Baadaye ndiyo nikajua kwamba mkeka wa umeme unapimwa mara tatu: ukiwa bado kwenye boksi, ukishatandikwa, na marumaru yakishabandikwa. Namba zinaandikwa kwenye kadi ya waranti, na bila namba hizo waranti ni karatasi ya kufungia maandazi. Yeye alikwaruza waya kwa mwiko sebuleni, nusu ya chumba ikabaki baridi, akaniambia "subiri, zege linahitaji wiki mbili kukauka". Nikasubiri, mjinga mimi. Fundi wa kweli alipokuja na kamera ya joto tukaona mstari unaishia katikati ya sakafu kama barabara iliyokosa bajeti. Ndipo marumaru yakachimbuliwa.

Lakini kilichonifanya niandike ni sanduku la umeme. Mikeka ya besmenti aliiunga kwenye waya wa soketi za kawaida. Breka ikawa inaruka kila baada ya muda. Nikampigia, akaja usiku, dakika kumi na tano, akasema tayari. Kweli haikuruka tena. Alichofanya ni kutoa breka ya ampea 20 na kuweka ya 40, waya ukiwa ule ule mwembamba. Breka kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka kubwa, waya unageuka hita ndani ya ukuta. Fundi umeme mwenye leseni alipofungua kifuniko alikaa kimya, kisha akaniuliza watoto wanalala upande gani. Ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ambayo sheria ya umeme ya Marekani inaidai kwa sakafu za namna hii, haikuwepo kabisa. Tumelala juu ya hiyo kitu wiki tano.

Kuhusu fedha. Jumla tulikubaliana dola 14,200. Akataka 8,500 kwanza "za vifaa", kwa Zelle, ile ya kutumiana pesa kwa simu kutoka benki. Pesa ya kubeba boksi hiyo, zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na ukishaituma kwa njia hiyo ni kama umempa mtu noti mkononi. Nilipogoma kumalizia zilizobaki, simu ikaacha kupokelewa. Halafu ikaja barua kutoka duka la vifaa ambalo sijawahi kulisikia, wanadai hawajalipwa mikeka wala gundi. Wengi hatujui hili: katika jimbo hili muuza vifaa ambaye fundi wako hakumlipa anaweza kuishikilia nyumba yako kwa deni hilo, na ana siku 120 tangu mara ya mwisho alipoleta mzigo. Kwa hiyo unamlipa fundi, na nyumba inadaiwa. Kila mnapofanya malipo, daini kwa maandishi kwamba muuza vifaa ameshapata chake na ameachia haki yake hiyo.

Alinitajia pia kwamba serikali itanirudishia asilimia 30. Nafuu ya kodi ya namna hiyo ilikuwepo kweli kwa vitu kama hita-pampu (mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani) na vihami joto, lakini mikeka ya umeme ya sakafuni haikuwemo, na nafuu yenyewe imekoma kwa vitu vilivyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Bado anaitaja. Mama mmoja wa Brooklyn Center ameniambia aliisikia kwake mwezi uliopita, maneno yale yale, na shikamoo ile ile.

Na hili la siku tatu linaniuma kuliko yote. Mtu akikuuzia kitu sebuleni kwako, sheria ya nchi nzima inakupa mpaka saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba bila sababu, na muuzaji anapaswa kukukabidhi fomu ya kuvunjia, nakala mbili. Nilitia sahihi Jumamosi. Jumapili haihesabiwi, kwa hiyo nilikuwa na mpaka Jumatano. Fomu sikupewa. Nilichopewa ni "bei hii ni ya leo tu", na Jumanne asubuhi alikuwa tayari ameanza kubandika ili nione haya kurudi nyuma.

Msinielewe kwamba sakafu ya joto ni utapeli. Mfanyakazi mwenzangu ana ya maji, iliyowekwa wakati nyumba inajengwa, na Januari watoto wake wanacheza chini peku. Kama unajenga, au zege linavunjwa hata hivyo, iulizie. Maji yake hayahitaji kuchemka. Yanatosha kuwa ya vuguvugu, na hapo ndipo inapookoa gesi. Ila nayo ina tabia zake. Ni nzito kuamka: unageuza themostati asubuhi, joto linakuja mchana, na siku za Aprili ambapo asubuhi kuna theluji na mchana unavaa fulana, inakupikia nyumba wakati huitaki. Zulia nene juu yake ni blanketi lililowekwa upande usiofaa. Mbao ngumu hazitaki sakafu ipite nyuzi 27 hivi, zitapasuka. Bomba likitoboka ndani ya zege, unavunja zege, ndiyo maana mabomba yanajazwa presha na geji inaachwa ikisoma wakati zege linamwagwa, ili likitobolewa lionekane siku hiyo hiyo.

Hata mikeka ya umeme ina mahali pake: bafuni. Futi 40, saa mbili asubuhi kwa kipima muda, ni yuniti moja tu, senti 15. Hiyo ningeiweka kesho.

Kwa hiyo akija mtu, awe huyu au mwingine, mwulize namba ya leseni kisha itafute mwenyewe kwenye tovuti ya Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, ukiwa naye hapo hapo mezani. Jimbo lina mfuko wa kufidia wenye nyumba walioumizwa na wakandarasi, lakini unalipa tu kama mkandarasi alikuwa na leseni na mahakama imekupa hukumu. Wangu hakuwa nayo, kwa hiyo mlango huo kwangu umefungwa. Mwulize kibali cha kazi nani anachukua. Akisema "kibali kitaongeza gharama, tuache", mpe viatu vyake. Mwombe hesabu ya joto linalopotea kwenye nyumba yako, chumba kwa chumba, madirisha na kuta. Wangu alipima sakafu kwa hatua za miguu.

Mimi nimefungua shauri kwenye mahakama ndogo ya madai, ile ambayo huhitaji wakili. Besmenti imezimwa kwenye sanduku la umeme, mama mkwe amesharudi nyumbani, na kila tukiongea kwa simu ananiuliza kama sakafu yake bado ina joto. Sijamwambia.

Ninachohitaji kutoka kwenu: aliyepewa mkataba wa kurasa mbili wenye kichwa cha rangi ya chungwa na maneno "bili kushuka nusu", anitumie picha ya tarehe na kiasi alicholipa, kwa ujumbe wa faragha. Na kama alikurekebishia breka, usisubiri kuniandikia. Zima hiyo laini ya umeme sasa hivi, umwite fundi mwenye leseni aifungue.