Jumamosi za kukusanya karatasi: uzoefu wangu wa mafunzo ya kuomba mkopo na ufadhili, Moshi

Nilipokuwa kidato cha sita, kilichoninyima usingizi kilikuwa ada ya chuo kuliko mtihani wenyewe. Mama anauza ndizi Mbuyuni, baba alifariki nikiwa darasa la tano, na kaka yangu alikuwa ameshafaulu miaka miwili kabla yangu akabaki nyumbani. Fomu zake za mkopo alijaziwa kwenye duka moja la steshenari mjini. Alilipa, akapewa risiti, akaondoka na furaha. Kumbe walipakia ukurasa usio na sahihi ya mtendaji wa kijiji. Alikuja kujua wakati muda wa kurekebisha umeshapita.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa Jiografia aliponiambia kuna walimu na wahitimu wa vyuo wanaowasaidia bure wanafunzi wa familia duni kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa parokia, nilikwenda siku hiyohiyo. Ilikuwa Januari.

Nilidhani tutahutubiwa. Tuliambiwa tulete vyeti. Mwalimu mmoja mstaafu akaweka cheti changu cha kuzaliwa na cha kidato cha nne juu ya meza, akashika rula, akasoma herufi kwa herufi, kidole kikifuata. Kwenye kimoja jina la baba ni Aloyce, kwenye kingine Aloisi. Miaka yote nimevishika vyeti vile sijawahi kuona. Akaniambia, “Mwanangu, hapa ndipo wengi wanapokwama.” Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuomba mkopo, na cha kifo cha mzazi vivyo hivyo, kwa hiyo karatasi zikigongana majina unajitafutia usumbufu. Wiki mbili baadaye nilikuwa na hati ya kiapo inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Wakili anayejitolea pale hakunitoza hata shilingi.

Ninawasifu hasa kwa kujua kalenda. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, kisha wengi wetu tunakwenda kambi za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), matokeo yanatoka Julai, na maombi ya Bodi ya Mikopo yanaangukia katikati ya hayo yote. Ukiwa kambini utamfuata vipi mtendaji wa kijiji chako Kibosho? Sisi tuliondoka kwenda kambini bahasha zimekamilika, barua ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ikiwemo kwa wale ambao kaya zao ziko kwenye mpango. Hata ile 30,000 ya ada ya maombi, ambayo hairudishwi, mama aliijua mapema akawa anatenga elfu moja kila akirudi sokoni.

Mdhamini ndiye aliyenisumbua. Mjomba alikataa kunipa kitambulisho chake, akisema hataki kuuziwa ng'ombe kwa deni la mtu. Mmoja wa wale wahitimu alipanda naye daladala hadi nyumbani, wakakaa kibarazani. Hakumdanganya. Alimwambia ukweli kwamba huu ni mkopo, nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na nikikimbia deni yeye kama mdhamini anaweza kutafutwa. Mjomba alinyamaza muda mrefu, akamaliza chai yake, akaingia ndani kuchukua kitambulisho.

Upande wa ufadhili wa nje nao walitufundisha kuandika barua ya maelezo binafsi. Ya kwanza niliandika “sisi ni maskini sana” mara nne. Dada aliyeisoma hakuisahihisha, aliniuliza tu mama anaamka saa ngapi. Saa tisa usiku. Na nani anapiga hesabu za mikungu? Mimi, tangu darasa la sita, kwenye daftari lenye jalada la bluu. “Sasa andika hilo daftari,” akasema. Ufadhili wenyewe nilikosa, lakini barua ile bado ninaitunza.

Yapo ya kurekebisha. Jumamosi zinawafaa wa kutwa tu. Rafiki yangu aliyekuwa bweni, yatima wa wazazi wote wawili, hakupata ruhusa hata mara moja, na naamini alihitaji kuliko mimi. Nawaomba waende kwenye mabweni, hata mara mbili kwa muhula. Pia muda mwingi ulikwenda kwenye vyuo vya ng'ambo wakati wengi wetu tulitegemea Bodi. Samia Skolashipu, iliyoanza 2022 kwa wanaofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi, ilipewa nusu saa, na kati yetu walikuwepo vijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wenye uwezo wa kuipata. Mimi nilikuwa HGE (historia, jiografia na uchumi), haikunihusu, lakini niliwaonea huruma.

Mkopo nilipata awamu ya kwanza. Niko mwaka wa pili Dodoma, bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, linaingia, na tangu nimeanza sijamwomba mama hela ya chakula.

Ukitaka kwenda, nenda mwanzoni mwa mwaka, beba vyeti halisi na si nakala, na kama mzazi wako anaweza kufika hata siku moja, aje. Mdogo wangu yuko kidato cha tano. Likizo iliyopita tulikaa na rula mezani, mimi na mama. Kosa kwenye vyeti vyake lilikuwa herufi moja tu, na hati ya kiapo tayari ipo.